Je, Wajua? Kitasa Kinachoshinda Drili, na Mawe ya Taita

Je, wajua kwamba mlinzi wa vito anayekumbukwa zaidi katika nchi ya Taita hakubeba ufunguo wala bunduki? Alikuwa chatu. Campbell Bridges, mwanajiolojia Mskoti, aligundua jiwe la kijani kibichi upande wa Tanzania mwaka 1967, kisha akaufuata mkanda uleule wa miamba hadi Kenya, akalipata tena katika nyika za Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ilianza kulitangaza kwa jina la tsavoraiti, kutokana na mbuga ya Tsavo. Bridges aliishi katika nyumba aliyoijenga juu ya mti kwa kuhofia wanyama, na mawe yake aliyaweka mahali palipokuwa na chatu, maana alijua wafanyakazi wake wanaogopa nyoka. Mbinu hiyo ilifaa dhidi ya mkono wa mdokozi. Haikufaa kitu dhidi ya ugomvi wa nani mwenye haki ya kuchimba wapi: Agosti 2009 Bridges aliuawa karibu na Voi katika mzozo wa machimbo.

Leo vito vya Taita Taveta havilindwi na chatu. Vinalala ndani ya masefu na nyuma ya milango ya chuma, na adui wa vitu hivyo viwili ni mashine ndogo inayouzwa karibu kila duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara kuu ya Mombasa: drili ya betri.

Je, wajua drili inashambulia nini hasa ndani ya kitasa? Wengi hudhani mwizi anatoboa ili mlango upate tundu. Sivyo. Chukua silinda ya kawaida, ile sehemu ya shaba njano ambamo ufunguo huingia, uipasue katikati kwa msumeno wa chuma. Utaona mrija mdogo wa shaba umelala ndani ya mwili mkubwa wa shaba. Juu ya mrija kuna vishimo vitano au sita vilivyopangwa mstari mmoja, na katika kila kishimo zimo pini mbili zilizopandana, na springi nyembamba inayozisukuma chini. Pini ya juu ikiwa nusu ndani ya mrija na nusu ndani ya mwili, mrija haugeuki. Ufunguo wa haki unapoingia, meno yake huinua kila jozi hadi pale pini mbili zinapokutana panalingana kabisa na ukingo wa mrija. Hapo njia inakuwa nyeupe, na mkono unageuza.

Kwa hiyo usalama wote wa mlango unategemea pini chache ndogo, na ukingo mmoja usioonekana. Shaba njano ni laini. Inapendwa kwa sababu inachongeka upesi na haishiki kutu. Biti ya chuma huila bila taabu. Pini zikishasagwa, hakuna tena kinachozuia mrija kugeuka. Ndiyo maana kitasa kinachong'aa dukani, chenye ufunguo mzito na maneno ya kutisha kwenye kasha, kinaweza kuwa hakina kinga yoyote mahali pale pale panapohitaji kinga.

Wazo la pini zenyewe ni la kale mno. Katika magofu ya kasri la mfalme Sargon wa Pili huko Khorsabad, Iraki ya leo, lilipatikana komeo la mti lenye vigingi vinavyoanguka kwa uzito wake, na ufunguo wa mti wa kuviinua. Linus Yale Mdogo wa Marekani alilichukua wazo hilo, akalitia katika silinda ndogo ya chuma yenye ufunguo bapa, akapata hataza mwaka 1861 na nyingine 1865. Ufunguo ulio mfukoni mwako unamfuata yeye.

Je, wajua kwamba dawa ya drili inaweza kusomwa kwenye mawe ya Taita? Mwaka 1812 Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu, kuanzia ulanga wenye 1 hadi almasi yenye 10. Kila lenye namba kubwa hukwaruza lenye namba ndogo. Shaba njano iko kwenye 3 hivi. Biti nzuri ya chuma cha pua iko karibu na 7. Tsavoraiti ni 7 hadi 7.5, maana yake biti ya kawaida ikilikuta jiwe hilo inakuwa imekutana na mwenzake. Halafu kuna yakuti nyekundu ya Mangare, kule Tsavo Magharibi, iliyogunduliwa mwaka 1973 na wanajiolojia John Saul na Elliot Miller. Yakuti ni 9. Biti ya chuma juu yake huteleza, hupata moto, hubadilika rangi kuwa buluu, na basi.

Mohs huyohuyo alihamia Freiberg, mji wa migodi wa Ujerumani, mwaka 1818, akafundisha katika chuo chake cha madini. Chuo hicho leo ni mmoja wa washirika wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta hapa Voi, katika kituo cha umahiri wa uchimbaji madini na mazingira kinachoitwa CEMEREM. Nalitaja hili kwa furaha. Mwanafunzi anayejaribu ugumu wa jiwe Voi anasoma katika ukoo mmoja wa elimu na yule aliyetupa kipimo chenyewe.

Sasa tuje kwenye sefu. Yakuti, ukiiondolea rangi yake inayotokana na kromiamu, ni oksidi ya alumini tu. Kitu hichohicho hutengenezwa viwandani kwa bei nafuu, kikiwa hakina uzuri wowote, na ndicho kilichomo kwenye mawe ya kunolea na karatasi nyingi za msasa. Watengenezaji wa milango ya masefu huchukua mabonge yake na kuyamwagia chuma laini kilichoyeyushwa, kama aloi ya shaba au ya alumini, hadi yawe bamba moja, kisha bamba hilo hufichwa mbele ya kufuli la ndani. Anayetoboa anaanza kwa kusonga vizuri, chuma laini kinakubali, mara biti inagonga bonge la oksidi. Inapinda. Inahama kuelekea upande wenye ulaini, inagonga bonge jingine, ncha inavunjika. Bamba lote lingekuwa gumu tupu, lingepasuka kwa nyundo, maana vitu vigumu mno huwa vyepesi kuvunjika. Lingekuwa laini tupu, lingetobolewa. Nguvu yake iko kwenye mchanganyiko, kama vile zege linavyohitaji kokoto na saruji.

Katika silinda ya mlango nafasi ni ndogo, hivyo mafundi hutumia njia nyingine. Pini fupi za chuma cha pua kilichotiwa ugumu hupachikwa ndani ya shaba, mbele na juu ya mrija, palepale ambapo biti italazimika kupita. Wengine huweka vijipande vyenye umbo la mwezi mchanga usoni mwa silinda, na pini moja au mbili za kwanza ndani yake huwa za chuma kigumu badala ya shaba. Lakini kuna hila moja ninayoipenda kuliko zote. Pini ya kinga huachwa bila kukazwa, izunguke ovyo ndani ya kishimo chake. Biti hukata kwa sababu kile inachokikata kimetulia. Kinachokatwa kikizunguka pamoja na biti, hakuna kukata. Kuna kelele na joto tu.

Hila kama hizo zinahitajika kwa sababu biti nazo hazikulala. Mwaka 1923, katika kampuni ya Osram huko Berlin, Karl Schröter alipata njia ya kuunganisha unga wa kabidi ya tangsteni na kobalti. Baada ya miaka michache kampuni ya Krupp ikauza bidhaa hiyo kwa jina Widia, yaani kwa Kijerumani "kama almasi". Ncha hiyo ya kijivu unaiona kwenye kila biti ya kutobolea ukuta. Ugumu wake unakaribia 9, na chuma kigumu peke yake hakiisumbui sana. Udhaifu wake ni kwamba inachukia mtikiso: ikivutwa upande ghafla, inameguka. Kwa hiyo silinda nzuri haishindani na kabidi kwa ugumu. Inaiyumbisha.

Je, wajua kipo chuma kinachozidi kuwa kigumu kadiri unavyokipiga? Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, alikigundua mwaka 1882 akiwa hata hajatimiza miaka 24. Alichanganya chuma na manganizi, kama asilimia 12 hivi. Wataalamu wa wakati huo walitarajia kitu chepesi kuvunjika. Kikatoka chuma ambacho uso wake hukakamaa kila unapogongwa, huku ndani kikibaki kinanyumbulika. Ukijaribu kukitoboa, msukumo wa biti ndio unaokiimarisha. Kimetumika katika milango ya masefu, katika nondo za magereza, katika meno ya mashine za kusaga mawe, na katika vipande vya reli pale njia mbili zinapokatana, ambapo magurudumu hugonga mchana na usiku. Mwaka 1915 jeshi la Uingereza lilianza kutengeneza kofia za askari wake wa Ulaya kwa chuma hicho. Mwaka huohuo jeshi hilo lilikuwa likitandika reli kutoka Voi kuelekea Maktau, kwa ajili ya vita na Wajerumani waliokuwa wameshika Taveta.

Ajabu nyingine ni kwamba chuma hiki hakishikwi na sumaku. Tutarudi kwenye sumaku.

Na drili yenyewe? Fundi seremala wa pwani alikuwa na keekee, akiizungusha kwa mkono. Drili ya umeme ya kushika mkononi ilitoka kwenye karakana ya Fein huko Stuttgart mwaka 1895, mwaka mmoja kabla ya reli ya Uganda kuanza kutandikwa Mombasa. Umbo la bastola, lenye kifyatulio cha kidole, liliipatia hataza kampuni ya Black & Decker mwaka 1917, na kampuni hiyo ikatoa drili isiyo na waya mwaka 1961. Hapo ndipo mambo yalipobadilika kwa mwenye duka. Kabla ya hapo mwizi alihitaji umeme wa mwenye nyumba.

Je, wajua kwamba hakuna kitasa duniani kinachoahidi kutotobolewa milele? Kinachouzwa ni dakika. Kiwango cha Marekani kiitwacho UL 437 kinataka silinda ihimili drili kwa dakika 5 na kuchokonolewa kwa dakika 10. Kiwango cha Ulaya, EN 1303, katika daraja lake la juu la kuzuia drili kinataka dakika 5 za kutobolewa ndani ya jaribio la dakika 10. Dakika 5 zinaonekana kidogo. Hebu simama mbele ya mlango wa chuma usiku wa manane mjini Voi, drili ikipiga kelele za kusikika hadi mtaa wa pili, uhesabu dakika hizo. Ni nyingi mno, ikiwa yuko mtu wa kusikia. Hapo ndipo naona wengi wanapotupa fedha: wananunua silinda ya bei kali, wanaiweka kwenye ghala lililo peke yake porini, halafu hawaweki mlinzi wala king'ora. Dakika zinazonunuliwa ni za kumpa mtu nafasi ya kufika. Asipokuwepo wa kufika, zinapita bure.

Kupima kitasa kwa saa ni desturi ya zamani. Kuanzia mwaka 1790 duka la Joseph Bramah huko London lilionyesha dirishani kufuli pamoja na tangazo la gini 200 kwa atakayelifungua bila ufunguo. Lilikaa hapo miaka 61. Mwaka 1851 Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua, kwa saa 51 za kazi zilizotawanyika katika siku 16. Alipewa zawadi yake. Lakini fikiri: ni mwizi gani anayepewa siku 16?

Masefu mengi hufanya zaidi ya kuchelewesha. Ndani ya mlango, nyuma ya lile bamba gumu, hufungwa kioo chembamba, kioo hasa, cha kuvunjika. Kimeshika nyaya, na nyaya zimeshika vyuma vya akiba vilivyobanwa kwa springi. Biti ikifika pale, au mtikiso ukizidi, kioo kinapasuka, nyaya zinalegea, na vyuma vya akiba vinaruka kuuziba mlango kwa njia ambayo hata namba sahihi haiwezi tena kuufungua. Kitu dhaifu kuliko vyote mlangoni ndicho kinachotoa amri ya mwisho.

Basi wezi wenye akili huuacha mlango. Wakati wa Pasaka ya mwaka 2015, katika mtaa wa masonara wa Hatton Garden, London, wazee kadhaa waliokwisha kuzoea kazi hiyo walitumia drili kubwa yenye meno ya almasi, wakatoboa ukuta wa zege wenye unene wa nusu mita, matundu matatu yanayoshikana, wakapenya kando ya mlango wa chuma. Hapa kwetu, Novemba 2017, wezi wa Thika walichimba handaki hadi chini ya chumba cha fedha cha benki ya KCB, ng'ambo ya kituo cha polisi, wakatokea sakafuni. Zaidi ya shilingi milioni 50 zilikwenda. Katika visa vyote viwili mlango wenyewe haukuwa na kosa lolote. Anayeweka sefu la vito Voi au Mwatate ni vyema aanze kwa kuuliza sakafu yake ni ya nini na jirani yake ni nani.

Je, wajua kuwa Taita Taveta imewahi kuona mali ikilindwa kwa kuchomwa moto? Tarehe 20 Julai 2011, huko Manyani, Rais Mwai Kibaki alizitia moto karibu tani 5 za pembe za ndovu, zilizokuwa zimekamatwa Singapore mwaka 2002. Pembe zilizohifadhiwa zinahitaji ghala, ghala linahitaji kitasa, kitasa kinahitaji mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ni binadamu. Waliozichoma walitaka mnyororo huo wote ukome.

Barabarani kuna kifaa ambacho wengi hukiita kufuli na si kufuli. Malori ya kontena yanayokata kona Voi kuelekea Taveta na kituo cha pamoja cha mpakani cha Holili huwa yamefungwa sili ya chuma mlangoni, mfano wa boliti yenye namba. Kiwango cha kimataifa ISO 17712 kinaitaka sili ya daraja la juu ivumilie mvuto wa kilonyutoni 10, yaani karibu uzito wa tani moja. Hata hivyo hukatwa kwa mkasi mkubwa wa chuma, na ndivyo forodha wanavyoifungua. Kazi yake ni kusema ukweli: ikikatwa, namba yake hairudi. Shehena za kupita nchini sasa huongezewa sili ya kielektroniki inayotuma habari hukohuko njiani.

Tumeongea sana juu ya silinda, na ufunguo nao una habari zake. Pini 5, kila moja ikiweza kuwa na urefu wa aina 6, hutoa tofauti 7,776. Ongeza pini moja, zinakuwa 46,656. Kiwanda hutupa nyingi kati ya hizo kwa sababu meno yake ni sawasawa mno au yanapanda na kushuka kwa ghafla mno kwa ufunguo kuingia. Kwa hiyo si ajabu, katika kufuli za bei nafuu zinazotengenezwa kwa mamilioni, ufunguo wa jirani kufungua kwako.

Na je, wajua kwamba ufunguo wenye "hataza" unaweza kukosa ulinzi Voi? Viwanda vikubwa husajili umbo la ufunguo ili fundi wa pembeni asiuze nakala bila kibali. Lakini hataza ina mipaka ya nchi na ya miaka. Nchini Kenya hudumu miaka 20, na ni lazima iwe imesajiliwa kwa taasisi ya KIPI au kupitia ARIPO, shirika la Afrika lenye makao yake Harare. Iliyosajiliwa Ulaya peke yake haimfungi fundi wa funguo aliye sokoni Voi na mashine yake, na havunji hataza yoyote akikuchongea. Muuzaji akikuambia ufunguo huu hauwezi kunakiliwa, muulize hataza imesajiliwa wapi, na inaisha mwaka gani.

Sasa sumaku. Ukienda kununua kufuli la shaba, beba sumaku ndogo mfukoni. Shaba njano haishiki sumaku. Mwili wa kufuli ukiinasa, ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya shaba, na mvua za Wundanyi zitakionyesha ndani ya msimu mmoja. Kwenye uso wa silinda ya mlango, kinyume chake, ukihisi sumaku inavutwa kidogo juu au pembeni mwa tundu la ufunguo, huenda kuna pini za chuma zilizopachikwa. Si ushahidi kamili, kwa sababu springi nazo zinaweza kuwa za chuma, ila uso usiovuta hata kidogo unatosha kukufanya umwombe mwenye duka akuonyeshe nyingine.

Ukishaifunga mlangoni, iepushe na mafuta ya mashine. Vumbi jekundu la Voi, lile linalowapaka ndovu wa Tsavo rangi ya udongo, hunasa kwenye mafuta na kuwa tope ndani ya vishimo vya pini, na zile pini za kinga zinazotakiwa kuzunguka zikakwama. Tumia poda kavu ya grafaiti. Ikikosekana dukani, sugua meno ya ufunguo kwa penseli laini hadi yawe meusi, uuingize na kuutoa mara kadhaa, uupanguse, urudie.